Kompyuta Mpya Iliyozimika Bila Taarifa: Uchambuzi wa Kisa Kimoja

Usuli

Kisa hiki kinahusu kompyuta ya mezani ambayo mwenyewe aliiunganisha nyumbani kwa vipuri ambavyo karibu vyote vilikuwa vipya, na ambayo kuanzia siku ya nne ilianza kuzimika ghafla bila mpangilio wowote tulioweza kuutambua. Nimeondoa majina, aina za vipuri na kila jambo linaloweza kumtambulisha mhusika, naye ameridhia kisa kiandikwe. Ninakieleza kwa kirefu kwa sababu chanzo cha hitilafu kilikuwa kitu kidogo sana, ilhali njia tuliyoipita kukifikia ilikuwa ndefu kuliko ilivyostahili, na sehemu kubwa ya urefu huo ilitokana na makosa yangu mimi niliyeitwa kusaidia.

Mwenye kompyuta ni kijana anayehariri video. Vipuri vyake vilikuwa prosesa yenye viini vinane, vijiti viwili vya RAM vya GB 16 kila kimoja, diski ya SSD ya aina ya M.2, kadi ya grafiki inayotumia takriban wati 250, na pawa saplai, yaani kifaa kinachogawa umeme kwa vipuri, ya wati 650. Mazabodi, ile bodi kuu inayounganisha vipuri vyote, ilikuwa ya ukubwa wa ATX, yaani milimita 305 kwa 244. Kitu pekee cha zamani kilikuwa kasha. Kasha hilo lilikuwa limebeba kompyuta yake ya awali, iliyokuwa na mazabodi ndogo ya micro-ATX ya milimita 244 kila upande, na kabla ya kulitumia tena alilisafisha na kulipuliza rangi nyeusi ndani kote ili lifanane na vipuri vipya. Habari ya rangi nilielezwa siku ya kwanza kabisa, nikaichukulia kuwa habari ya urembo.

Kabla ya kuletwa kwangu, kompyuta ilikuwa imefungwa vizuri kwa kadiri jicho lilivyoweza kuona. Mazabodi ilishikwa na skrubu tisa katika matundu yake tisa, plagi ya pini 24 na ile ya pini nane ya prosesa zilikuwa zimezama hadi mwisho, na kadi ya grafiki ilikuwa na kebo mbili tofauti, moja kwa kila tundu la umeme.

Jinsi ilivyokuwa inazimika

Siku tatu za mwanzo zilipita salama. Siku ya nne, video ikiwa katikati ya kuchakatwa, kompyuta ilizimika kama mshumaa uliopulizwa: feni zikasimama, taa zikafa, na kioo kikabaki kikiwaka peke yake kikiandika kwamba hakipati mawimbi. Hapakuwa na skrini ya buluu, hapakuwa na kuganda, wala haikujiwasha upya yenyewe. Usiku uleule ilizimika tena, na safari hii hakukuwa na kazi nzito yoyote. Kufikia siku ya tisa ilikuwa imezimika mara tano, na ndipo aliponipigia simu.

"Fundi, imezima tena, na safari hii sikuwa nafanya kitu, nilikuwa nasoma barua pepe tu."

Nilimuuliza kuhusu harufu, kelele, joto na kazi aliyokuwa akifanya kila mara. Nilimuuliza pia kama baada ya kuzimika huwaka papo hapo akibonyeza kitufe. Akajibu: "Hapana, inagoma kabisa. Naiacha ipoe kama dakika kumi, halafu inakubali."

Jibu hilo lilikuwa na ufunguo wa kisa chote, na sikuuona. Neno "ipoe" lilinikaa kichwani, nikalipokea kana kwamba ni jambo aliloliona, kumbe lilikuwa tafsiri yake ya jambo aliloliona. Alichokiona hasa ni kwamba kompyuta iligoma kwa muda, kisha ikakubali. Kilichofanyika katikati ya kugoma na kukubali sikumuuliza.

Hatua tulizochukua na sababu zake

*Joto.* Kwa kuwa nilikuwa nimeshaamini kwamba kompyuta inahitaji kupoa, nilianza na joto. Tuliweka HWiNFO, programu inayosoma joto na volti za kompyuta, iandike vipimo vyote kwenye faili kila baada ya sekunde mbili, kisha tukasubiri. Ilipozimika tena, mstari wa mwisho wa faili ulionyesha prosesa ikiwa nyuzi 47 na kadi ya grafiki nyuzi 39. Hapo ningepaswa kuliacha wazo la joto mara moja, kwa sababu prosesa za kisasa hazizimi kompyuta zikiwa nyuzi 47, na hata zikipata joto kali hupunguza kasi kwanza, nyingi zikianza kufanya hivyo zikiwa karibu na nyuzi 95 au 100, na huzima kila kitu pale tu kupunguza kasi kunaposhindwa kuziokoa. Hata hivyo nilitumia jioni nzima kuondoa kipoza joto, kufuta pesti ya zamani inayopitisha joto kutoka kwenye prosesa, na kupaka nyingine. Nilifanya hivyo kwa sababu ilikuwa kazi ninayoijua, wala hakukuwa na ushahidi wowote ulionielekeza huko.

*Daftari la matukio.* Katika Windows, kila kuzimika kulikuwa kumeacha tukio namba 41 la Kernel-Power, pamoja na namba 6008 linalosema kwamba kuzimwa kwa awali hakukutarajiwa. Tukio namba 1074, ambalo huandikwa programu au mtumiaji anapozima kompyuta kwa utaratibu, halikuwepo. Watu wengi wakiona namba 41 hudhani wamepata jina la ugonjwa. Tukio hilo huandikwa kompyuta inapowaka tena, na maana yake ni moja tu: mfumo umegundua kwamba safari iliyopita haukuzimwa ipasavyo. Kilichokuwa na uzito zaidi kilikuwa ndani yake, yaani sehemu ya BugcheckCode, inayobeba namba ya kosa lililoiangusha Windows, iliyoandikwa sifuri kila mara. Sifuri hiyo ilionyesha kwamba Windows haikupata hata nafasi ya kuanguka. Umeme ulikatika chini yake ikiwa nzima.

*RAM na prosesa.* Hapa sikukaa sana. Tulirudisha RAM kwenye kasi ya kawaida badala ya ile iliyoongezwa ya XMP, tukaendesha MemTest86, programu ya kupima RAM, usiku kucha ikamaliza mizunguko minne bila kosa hata moja. RAM mbovu huleta skrini ya buluu, kuganda, faili kuharibika au kompyuta kujiwasha upya. Si kawaida yake kukata umeme wa kompyuta nzima kisha ikagoma kuwaka.

*Kitufe cha kuwashia.* Ukishikilia kitufe cha kuwashia kwa takriban sekunde nne, kompyuta huzimika kwa nguvu bila kuuliza mfumo. Kitufe kibovu, au waya wake ulioshikana na kitu, unaweza kufanya kazi hiyo bila mkono wa mtu. Tulichomoa waya wa kitufe kwenye mazabodi baada ya kuiwasha, tukaiacha ikifanya kazi bila kitufe. Ilizimika siku iliyofuata, na kwa hiyo kitufe kikatoka kwenye orodha. Hatua hii iligharimu dakika mbili, nami najuta kwamba haikutangulia ile ya pesti.

*Kompyuta mezani kwangu.* Siku ya 12 niliichukua nikailaza kwenye meza yangu ya kazi, nikafungua ubavu wake na kuibebesha mzigo mzito kwa saa nyingi, prosesa na kadi ya grafiki zikifanya kazi kwa pamoja. Haikuzimika. Nikaiacha siku mbili, mara ikiwa na kazi nzito, mara ikiwa imekaa bure, wala haikutikisika. Nilichukua pia maltimita, nikakata umeme na kupima kati ya waya wa njano wa volti 12 na waya mweusi wa ardhi kwenye plagi ya pini 24. Hapakuwa na shoti. Nikairudisha kwa mwenyewe siku ya 14. Ilizimika jioni ileile.

Ukilinganisha siku mbili nzuri kwangu na jioni moja mbaya kwake, hitimisho linajileta lenyewe: umeme wa nyumbani kwake una kasoro. Tulihamisha kompyuta kwenye soketi nyingine ya ukutani, tukaondoa ekstensheni, tukabadili kebo ya umeme. Ilizimika tena. Isitoshe, kioo na spika zilizokuwa kwenye soketi ileile hazikuwahi kuzimika hata mara moja, jambo ambalo lilikuwa mbele ya macho yetu tangu siku ya kwanza.

Swali lililogeuza mambo

Siku ya 16 nilikaa naye wakati kompyuta ilipozimika. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuliona tukio lenyewe kwa macho. Feni zilisimama kwa pamoja, na ndani ya kasha, kupitia kioo cha ubavuni, nikaona taa moja ndogo ya mazabodi ikiendelea kuwaka. Kijana alinyoosha mkono bila kufikiri, akazima swichi ya ukutani.

"Mbona unazima ukutani?" nikamuuliza.

"Huwa nazima kila mara, fundi, naogopa isije ikaungua. Nikirudi baada ya dakika kumi nawasha."

Hapo nikaelewa kwamba kwa wiki moja nilikuwa nikichunguza maelezo badala ya tukio. Inawezekana kabisa kwamba kompyuta haikuhitaji kupoa, bali ilihitaji umeme ukatwe na kurudishwa. Tukakubaliana kwamba ikizimika tena asiguse swichi ya ukutani hata kidogo. Siku iliyofuata ilizimika. Akasubiri dakika 40 bila kugusa swichi, kisha akabonyeza kitufe: kimya. Taa ndogo ya mazabodi ilikuwa bado inawaka. Akazima swichi iliyo nyuma ya pawa saplai, akahesabu hadi 20 mpaka taa ile ikafa, akawasha swichi, akabonyeza kitufe, na kompyuta ikawaka mara moja kana kwamba hakuna lililotokea.

Kuanzia hapo tulikuwa na hitilafu ya aina nyingine kabisa. Pawa saplai ya ATX hutoa njia kadhaa za umeme: volti 12, volti 5 na volti 3.3 kwa kazi zote kubwa, na njia ndogo ya pembeni ya volti 5 inayobaki hai hata kompyuta ikiwa imezimwa, ndiyo inayowasha ile taa ndogo na kusubiri kitufe kibonyezwe. Ndani yake kuna kinga dhidi ya shoti, dhidi ya mkondo uliozidi, dhidi ya volti kupanda au kushuka mno na dhidi ya joto. Kinga ya shoti inapochomoka, pawa saplai hukata njia kubwa na kujifunga, na katika pawa saplai nyingi hufunguka tu pale umeme wa ukutani unapokatwa kwa muda wa kutosha kwa chaji iliyobaki ndani kuisha. Baadhi hukubali kufunguka kwa kitufe, kwa hiyo kompyuta kuwaka upesi si ushahidi kwamba kinga haikuguswa. Lakini kompyuta inayokataa kitufe kwa dakika 40 huku taa ya volti 5 ikiwaka, kisha ikatii baada ya swichi ya nyuma kuzimwa kwa sekunde 20, inasema wazi kwamba pawa saplai imejifunga yenyewe.

Hapo pia ndipo ilipoeleweka kwa nini faili la HWiNFO halikuwa na msaada. Vipimo vyake vilionyesha volti 12.096 sekunde moja kabla ya kuzimika, vikiwa katikati kabisa ya mipaka inayoruhusiwa ya volti 11.4 hadi 12.6. Shoti inayoiamsha kinga hudumu chini ya kufumba na kufumbua, na programu inayosoma kila baada ya sekunde mbili haiwezi kuiona. Namba nzuri katika faili lile zilikuwa kweli, ila zilikuwa za muda mwingine.

Pawa saplai ya pili

Tulibakiwa na mambo mawili: ama pawa saplai yenyewe ina kinga inayochomoka bila sababu, ama kuna kitu upande wa pili kinachoichokoza. Nilipanga kuazima pawa saplai inayojulikana kuwa nzima. Mwenye kompyuta alikuwa na kazi ya mteja inayosubiri, hakuweza kungoja, akanunua nyingine mpya ya wati 850 siku ya 19. Siwezi kumlaumu, mtu anayepoteza kazi ya saa tatu kila jioni hununua chochote kinachoahidi utulivu.

Nilimsisitizia jambo moja, abadilishe na kebo zake zote. Plagi za upande wa mazabodi zina mpangilio mmoja unaojulikana, lakini upande wa pawa saplai mpangilio wa pini hutofautiana kati ya watengenezaji, na hata kati ya matoleo ya mtengenezaji mmoja. Kebo ya zamani inaweza kuingia bila shida kwenye pawa saplai mpya na kupeleka volti 12 mahali panapotakiwa volti 5. Diski nyingi zimekufa kwa njia hiyo.

Siku mbili zilipita kwa amani. Siku ya 21 kompyuta ilizimika, ikagoma kuwaka, taa ndogo ikabaki hai, swichi ya nyuma ikaifungua. Ilikuwa mara ya 12. Pawa saplai mbili zisizofanana, zenye kebo tofauti, zilikuwa zimetoa ushahidi uleule.

Lilibaki swali la mzigo. Wati 250 za kadi ya grafiki, takriban 140 za prosesa ikikazwa, na nyingine 60 hivi kwa vilivyobaki, ni wati 450, nazo zinabebeka vizuri hata na ile ya wati 650. Kadi za grafiki huweza kuruka juu ya kiwango chao kwa muda mfupi mno, na mirukio hiyo imewahi kuziangusha pawa saplai ambazo kwa hesabu ya kawaida zinatosha, lakini mirukio hufuata kazi nzito. Tangu siku ya tisa kijana alikuwa akiandika kwenye daftari saa, kazi iliyokuwa ikifanyika na jambo lolote lililotangulia. Kati ya mara saba zilizoandikwa, nne zilitokea kompyuta ikiwa haina kazi ya maana, na tatu kati ya hizo zilitokea muda mfupi baada ya kuchomeka au kuchomoa kitu kwenye matundu ya USB ya mbele. Aliyaandika hayo bila kujua uzito wake: "nimechomeka flashi", "nimechomoa hedifoni", "nimechomeka flashi". Mkono uliokuwa ukisukuma kasha ndio uliokuwa ukiizima kompyuta.

Tulichokikuta chini ya mazabodi

Siku ya 22 tulitoa kila kitu. Nilipoinua mazabodi na kuigeuza, niliangalia mgongo wake kwa tochi, nikiipitisha mstari kwa mstari. Karibu na ukingo wa mbele, sehemu ya chini, kulikuwa na pini nne za soketi ya feni ambazo vichwa vyake vya lehemu vilijitokeza kidogo kama ilivyo kawaida. Pini moja kati ya hizo nne ilikuwa na ncha iliyolainishwa upande mmoja, inang'aa kuliko wenzake, na pembeni yake kulikuwa na doa jeusi lisilozidi kichwa cha pini ya kushonea. Ilikuwa pini ya pili, ile ya volti 12.

Niliangalia bamba la kasha mahali palipokabiliana na doa lile. Mwanzoni sikuona kitu ila weusi juu ya weusi. Nilipolaza tochi ubavuni, kivuli kikajitokeza: kijiguzo kimoja cha shaba, yaani kinguzo kifupi kinachoinua mazabodi isiguse bamba na kupokea skrubu yake, kilichopakwa rangi pamoja na kasha, kikiwa kimesimama mahali ambapo mazabodi hii haikuwa na tundu. Ukingo wake wa juu ulikuwa umekwanguka rangi upande mmoja, na shaba iliyojitokeza ilikuwa na nukta ya kuungua.

Maelezo yake ni haya. Mazabodi ya ATX ina matundu tisa, na ya micro-ATX hutumia sita kati ya hayo, kisha huongeza safu yake ya matundu matatu mahali ambapo mazabodi kubwa haina matundu bali ina sakiti na pini. Kijana alipotayarisha kasha aliondoa vijiguzo viwili vya safu hiyo, na cha tatu hakukiona kwa sababu alianza na rangi ndipo akafuata vijiguzo. Rangi ikakificha, na kwa siku tatu ikawa pia kihami cha umeme. Kadi nzito ya grafiki katika kasha lililosimama hupinda mazabodi, ikiivuta nje juu ya soketi na kuisukuma ndani chini yake, kuelekea bamba. Mtikisiko wa feni na kutanuka kwa joto vikawa vinaikwangua rangi kidogo kidogo, hadi siku ya nne pini ya volti 12 ilipogusa shaba iliyounganishwa na ardhi.

Hapo pia ndipo siku mbili za mezani kwangu zilipopata maelezo. Niliilaza kompyuta. Kadi ya grafiki ikawa imesimama wima juu ya mazabodi badala ya kuning'inia, upindaji ukaondoka, na pini ikaachana na shaba kwa unene wa karatasi. Nikapima kwa maltimita katika mkao huohuo nikapata jibu sahihi la swali lisilo lenyewe.

Matokeo

Sikutaka kuamini doa peke yake. Tuliiweka mazabodi juu ya boksi lake la kadibodi, nje ya kasha, ikiwa na vipuri vyote na pawa saplai ya awali ya wati 650. Hatukuitandika juu ya mfuko wake wa kuzuia chaji tuli, maana mifuko ya aina hiyo yenye rangi ya fedha inaweza kupitisha umeme kwa nje. Ikafanya kazi siku tano, kazi nzito na nyepesi, bila kuzimika. Tukaondoa kijiguzo, tukahesabu vilivyobaki, tukairudisha ndani na kuisimamisha. Kijana akapewa kazi ya kuchomeka na kuchomoa flashi kila alipopita. Miezi mitatu imepita na daftari lake halina mstari mpya.

Uchambuzi

Kilichotusaidia kwanza ni daftari. Lilikuwa na mistari saba tu, lakini maneno "nimechomeka flashi" yalifanya kazi ambayo programu zote za kupima hazikuweza kuifanya, kwa sababu aliandika kilichotokea bila kuchuja kinachofaa na kisichofaa. Cha pili ni jaribio la swichi ya nyuma, ambalo halihitaji kifaa chochote na huigawa hitilafu katika makundi mawili: umeme uliokatwa kwa amri, na pawa saplai iliyojifunga. Kama tungelifanya siku ya tisa, tungeokoa pesti, usiku wa MemTest86 na kuhamahama kwa soketi. Siku hizi ndilo jambo la kwanza ninalomwomba mtu alifanye, na ninamwomba anieleze alichokigusa na kwa mfuatano gani, si alichodhani kinatokea.

Kosa langu kubwa halikuwa kushuku joto. Joto ni mshukiwa wa haki katika kompyuta mpya. Kosa lilikuwa kuendelea nalo baada ya nyuzi 47 kuonekana. Kosa la pili lilikuwa kuihamisha kompyuta bila kuudumisha mkao wake. Nilibadilisha nyumba, soketi, meza, mkao na watu kwa mpigo mmoja, kisha nikachagua kimoja kati ya vitano hivyo kuwa ndicho chenye maana. Kama ningeisimamisha mezani kwangu jinsi ilivyosimama kwake, huenda ingezimika mbele yangu siku ya 12.

Kuna pia kosa la ukaguzi ambalo nadhani ni la wengi wetu tunaounganisha kompyuta. Nilihesabu skrubu, nikazikuta tisa katika matundu tisa, nikaridhika. Skrubu huonekana; vijiguzo hufichwa na mazabodi ikishakaa. Hesabu inayofaa hufanywa kabla, bamba likiwa tupu, mazabodi ikishikiliwa juu yake ili kila kijiguzo kionekane katikati ya tundu. Kijiguzo kisichoonekana kupitia tundu kinatakiwa kutoka. Katika kasha lililowahi kutumika, au lililopakwa rangi, kidole kipitishwe juu ya bamba zima, kwa sababu jicho hudanganywa na rangi moja.

Pawa saplai ya awali, tuliyoishuku kwa siku nyingi, ilikuwa imeilinda kompyuta hiyo mara 11. Njia ya shaba inayolisha soketi ya feni ni nyembamba, na shoti ya volti 12 isiyokatwa mapema ingeweza kuichoma, pengine na tabaka za jirani. Nilipima soketi hiyo baada ya kazi kwisha, nikapata volti 12.1 ikiwa haina mzigo, lakini kipimo kisicho na mzigo hakielezi hali ya njia iliyowahi kupata shoti mara 12. Kwa hiyo feni ya kasha imehamishiwa soketi nyingine, na ile ya zamani nimeifunika kwa kipande cha utepe chenye tarehe, ili fundi atakayeifungua kompyuta hiyo baadaye asiitumie bila kuuliza.